Pauni milioni 285 kwa watu 4,000: kisa cha uwanja wa ndege wa Saint Helena

Tarehe 19 Aprili 2016 Daraja la Kigamboni lilizinduliwa, nasi wa ng'ambo hii tuliozoea kupanga foleni ya pantoni tangu alfajiri tukalivuka kwa miguu, wengine na watoto mgongoni, kama watu wanaokwenda arusini. Siku moja tu kabla yake, upande wa pili wa Afrika, ndege aina ya Boeing 737-800 ilikuwa imejaribu uwanja mpya wa kisiwa cha Saint Helena, katikati ya Atlantiki ya Kusini. Ilitua, lakini kwa taabu. Karibu na ardhi upepo uliigeukia ghafla. Sherehe ya uzinduzi, iliyokuwa imepangwa mwezi uliofuata, ikaahirishwa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha uchumi vijana wa masomo ya jioni hapa Dar es Salaam, na kila muhula nakirudia kisa hiki. Sijaona pengine ambapo swali la uchumi wa kisiwa kidogo limekaa wazi kiasi hicho: eneo la kilomita za mraba 122 hivi, watu wanaozidi 4,000 kidogo, mali asili haba, na Uingereza, mwenye himaya, ikilipa zaidi ya nusu ya gharama za kukiendesha. Mwanafunzi anaweza kuushika uchumi mzima kichwani bila kuhitaji kompyuta.

Swali la kwanza wanaloniuliza ni sisi tunahusikaje na mahali pa mbali hivyo. Nawajibu kwa jina la Sayyid Khalid bin Barghash. Baada ya vita vya Agosti 1896 pale Zanzibar, vile vilivyokwisha ndani ya dakika 38 hivi, Sayyid Khalid alikimbilia kwenye ubalozi wa Wajerumani, nao wakamvusha hadi Dar es Salaam. Aliishi katika mji huu karibu miaka 20. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza wakamkamata na kumpeleka uhamishoni Saint Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927. Kwa hiyo yuko mtu aliyekanyaga mitaa hii yetu kisha akala mkate wa kisiwa kile, na mkate huo ulilipiwa na serikali iliyomfunga. Mwanafunzi akilielewa hilo ameshaelewa nusu ya uchumi wa Saint Helena.

Kisiwa cha njiani

Wareno walikifikia mwaka 1502. Hakikuwa na mtu. Kampuni ya Waingereza ya Uhindi Mashariki ilikishika mwaka 1659, kwa sababu moja tu: meli zilizotoka Bara Hindi kwenda Ulaya zilihitaji maji, nyama na mboga njiani. Biashara ya kisiwa ikawa kuuza maji matamu na viazi kwa mabaharia waliochoka. Mwaka 1855 meli zipatazo 1,100 zilitia nanga Jamestown, mji wake mkuu.

Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa. Hapa huwa nasimama, kwa sababu sisi wa pwani hii tunaujua mfereji huo kwa sura nyingine kabisa. Kwetu ulileta meli. Miaka michache baadaye Zanzibar ikaanza kupata meli za moshi za ratiba, barua na bidhaa zikaanza kwenda na kurudi kwa tarehe zinazojulikana. Mfereji uleule ulioifungua pwani ya Waswahili ndio ulioinyonga Jamestown. Kufikia mwaka 1889 zilizotia nanga zilikuwa 288. Hakuna mtu wa Saint Helena aliyefanya kosa lolote. Viazi vilikuwa vilevile, maji yalikuwa yaleyale. Njia ndiyo iliyohama.

Kilichobaki kuuzwa ni umbali. Napoleon alikuwa amewekwa pale kuanzia 1815 hadi alipofariki mwaka 1821. Mwaka 1890 akaletwa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Kuanzia mwaka 1900 wakaletwa mateka wa Kikaburu kwa maelfu, na kila walipoletwa wafungwa, askari wa kuwalinda walikuja na mishahara yao, maduka yakapumua. Walipoondoka, njaa ikarudi. Uchumi wa namna hiyo hauna usukani. Huwezi kuamua kuongeza uzalishaji wa wafalme waliopinduliwa.

Kuna kundi jingine ambalo siwezi kulipita haraka. Kuanzia mwaka 1840 jeshi la majini la Uingereza lilipokamata meli za watumwa katika Atlantiki, liliwashusha Waafrika hao Saint Helena. Walishushwa watu wapatao 26,000 kwa miaka ile, na kiasi cha 8,000 wakafia pale pale, katika bonde la Rupert, kwa ndui, kuhara na mateso waliyotoka nayo ndani ya meli. Waliopona wengi wakapelekwa kufanya kazi katika visiwa vya Karibi. Mwaka 2008, wakati wa maandalizi ya barabara ya kwenda mahali pa uwanja wa ndege, wataalamu wa mambo ya kale walifukua miili 325. Mifupa hiyo ilisubiri katika maghala hadi mwaka 2022 ndipo ikazikwa tena. Barabara ya uchumi mpya ilipita juu ya makaburi ya ndugu zetu, na kwangu mimi hesabu yoyote ya uwanja ule isiyotaja bonde lile ina ukurasa uliochanwa.

Kamba za posta

Baada ya meli, kisiwa kilijaribu nyuzi. Ulikuwapo mmea wa majani marefu kutoka New Zealand, ndugu wa kazi na mkonge wetu ingawa si wa ukoo mmoja. Kuanzia mwaka 1907 viwanda vya kuukwangua vikaanza kufanya kazi kwa dhati, na kwa miaka karibu 60 hiyo ndiyo ilikuwa ajira kubwa ya watu. Mteja aliyetegemewa sana alikuwa Posta ya Uingereza, iliyonunua kamba za kufungia mifuko ya barua. Katikati ya miaka ya 1960 Posta ikahamia nyuzi za viwandani. Kufikia mwaka 1966 kiwanda cha mwisho kilikuwa kimefungwa. Vilima vya kisiwa hadi leo vimefunikwa na mmea ule, umeota wenyewe, hauna mnunuzi.

Babu yangu alikuwa manamba Tanga. Alikata mkonge, akaishi kwenye kambi ya shamba, na hadi uzeeni vidole vyake vilikuwa na makovu ya miiba. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha tani zipatazo 230,000 za katani, kiasi ambacho haijakifikia tena. Kisha nyuzi zilezile za viwandani zikashusha bei, na mashamba ambayo mashine zake za kukwangua, zile korona, zililia usiku na mchana yakanyamaza moja baada ya jingine. Lakini babu alikuwa na pa kwenda. Alishuka Dar es Salaam, akabeba mizigo bandarini, akanunua kiwanja. Manamba wa Saint Helena alikuwa ndani ya kilomita za mraba 122, na pwani ya bara la Afrika iliyo karibu iko umbali wa kilomita zipatazo 1,900.

Hapo ndipo ruzuku ilipoanza kuwa mhimili. Serikali ikawa mwajiri mkubwa, na vijana wakawa wanakwenda kufanya kazi kisiwa cha Ascension, Falkland na, ilipowezekana, Uingereza kwenyewe. Sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1981 iliwanyima haki ya kuishi Uingereza. Walirudishiwa haki hiyo Mei 2002, na waliokuwa wakisubiri wakafunga mizigo. Katika miaka kumi hivi kisiwa kilipoteza sehemu kubwa ya watu wake wenye umri wa kufanya kazi. Wengi walikwenda Swindon, mji wa Uingereza ambao Wasaint Helena wenyewe wameupa jina la utani Swindolena.

Ahadi

Mbele ya hali hiyo serikali ya Uingereza ikaja na wazo kubwa. Kisiwa kilikuwa kinahudumiwa na meli moja, RMS St Helena, iliyochukua siku tano kutoka Cape Town, nayo ilikuwa inazeeka. Walikuwa na hiari ya kununua meli nyingine au kujenga uwanja wa ndege. Mwaka 2005 wakatangaza uwanja. Mwishoni mwa 2008, msukosuko wa fedha duniani ulipopiga, wakausimamisha. Novemba 2011 mkataba ukasainiwa na kampuni ya ujenzi ya Afrika Kusini, Basil Read, na bajeti nzima ikafika pauni milioni 285 na ushei.

Hoja ilikuwa hii: ndege zitaleta watalii, watalii wataleta wawekezaji, wawekezaji wataleta ajira, vijana watarudi, kodi itapanda, na siku moja ruzuku itakwisha. Hesabu za mradi zilitazamia watalii karibu 30,000 kwa mwaka baada ya miongo kadhaa.

Kihandisi ilikuwa kazi ya kustaajabisha. Kisiwa ni kilele cha volkano, hakina tambarare ya kutosha, kwa hiyo ilibidi bonde lijazwe kwa mawe karibu mita za ujazo milioni 8 ili ipatikane barabara ya kurukia yenye mita 1,950. Lakini uwanja uliwekwa juu ya mwamba unaoangalia bahari, mahali ambapo upepo unaotoka baharini hupiga genge na kujikunja. Charles Darwin alipita kisiwani mwaka 1836, akatembea milimani, na jambo alilolilalamikia ni upepo mkali. Wenyeji walilijua siku zote. Bado jaribio lililoonyesha tabu yenyewe lilifanyika ukiwa umebaki mwezi mmoja uwanja uzinduliwe. Hilo silisamehei. Ukienda kununua kiwanja bonde la Msimbazi, jirani atakuambia maji hufika wapi, na wewe humsikilizi?

Magazeti ya Uingereza yakauita uwanja usio na kazi kuliko wote duniani. Desemba 2016 kamati ya bunge lao inayosimamia hesabu za serikali ikasema mradi umewaangusha wenyeji na walipa kodi. Hatimaye tarehe 14 Oktoba 2017 ndege ndogo zaidi, Embraer 190 ya Airlink, ilitua na abiria wa kwanza wa ratiba kutoka Johannesburg. Ina viti 99, lakini kwa ajili ya upepo na uzito ilianza kwa kubeba abiria 76, mara moja kwa wiki. Februari 2018 meli ikaagana na kisiwa.

Hesabu za darasani

Nikifika hapa nawaambia wanafunzi watoe daftari. Gawanya milioni 285 kwa watu 4,200. Inakuja karibu pauni 68,000 kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo. Darasa huguna. Kisha nawauliza: je, mradi umekufa?

Wengi husema ndiyo, na sababu yao huwa watalii. Kweli, wanaofika ni maelfu machache kwa mwaka, si 30,000. Kisha mwaka 2020 ugonjwa ukafunga anga, na safari za ratiba hazikurudi hadi 2022. Lakini tatizo la hesabu zile ni la kina zaidi ya idadi ya watalii, na nataka walione wenyewe. Chukua daladala ya abiria 30. Ukipata abiria 4, dereva ni yuleyule na dizeli ni ileile. Uwanja wa ndege ni hivyo hivyo kwa ukali zaidi: ndege ije moja kwa wiki au 40, lazima wawepo waongoza ndege, mtabiri wa hali ya hewa, mafuta kwenye matangi na kikosi kamili cha zimamoto. Februari 2025 ndege zilisitishwa kwa muda kwa sababu magari ya zimamoto hayakuwa katika hali ya kuaminika. Gari moja likiharibika, nchi nzima imefungwa. Kisiwa cha watu 4,000 kinabeba gharama za chini kabisa za kuwa nchi, na gharama hizo hazijui kwamba watu ni wachache.

Halafu kuna kuvuja. Mtalii akilipa nauli, fedha inabaki Johannesburg. Akila, kuku ametoka Afrika Kusini kwa meli ya mizigo. Akinunua kahawa, hapo kisiwa kinapata chake: mbegu yao ililetwa kutoka Yemen mwaka 1733, na kahawa yenyewe ni miongoni mwa zinazouzwa ghali, ila mashamba ni madogo mno. Katika kila pauni ya mtalii, sehemu inayolala Jamestown ni nyembamba.

Hapo ndipo daraja letu linapoingia. Sehemu kubwa ya fedha za Daraja la Kigamboni ilitoka NSSF, yaani michango ya wafanyakazi, hivyo ikawekwa tozo ili ipate kurudi, na mwaka 2022 tozo hizo zikapunguzwa. Unaweza kubishana kuhusu kiasi, lakini hesabu ya tozo inawezekana kwa sababu mji wa mamilioni uko kwenye ncha moja ya daraja. Saint Helena haina mji kwenye ncha ya pili. Kuitaka ijilipe ni sawa na kuweka kibanda cha tozo kwenye njia ya kwenda kisimani.

Msimamo wangu, na siufichi darasani, ni kwamba uwanja ulistahili kujengwa na ahadi haikustahili kutolewa. Ungepaswa kuhesabiwa kama barabara ya hospitali. Kabla yake, mgonjwa mahututi alisubiri meli, au iliombwa meli yoyote inayopita igeuze njia. Kutoka pale hadi Cape Town zilikuwa siku tano. Mwaka 2016, uwanja ukiwa bado unachekwa magazetini na abiria hawajaanza kuutumia, ndege ndogo za wagonjwa zilikuwa zimeshaanza kutua. Mtu aliyebebwa na ndege ile hayumo popote katika safu ya watalii 30,000. Waliotengeneza hesabu walijua kwamba serikali ingekubali kirahisi kulipia ndoto ya kujitegemea kuliko kulipia ukweli kwamba watu wale ni raia wake na hawatajitegemea. Kwa hiyo wakaandika ndoto. Ndoto iliposhindwa, kejeli zote zikawaangukia watu wa kisiwa, ambao hawakuuchagua upepo.

Na mambo mapya yanayokuja yana sura ya zamani. Agosti 2021 tawi la waya wa intaneti wa chini ya bahari, Equiano, lilifikishwa katika ghuba ya Rupert, na Oktoba 2023 likaanza kazi. Sisi tuliopata waya wetu wa SEACOM Julai 2009 tunakumbuka jinsi foleni za intaneti kafe zilivyoyeyuka. Kampuni ya setilaiti ya OneWeb ikachagua kisiwa kwa kituo chake cha ardhini, kwa sababu kiko peke yake katikati ya bahari. Oktoba 2024 Uingereza ikakubaliana na kisiwa kwamba watu watakaofika visiwa vya Chagos, kule Bahari ya Hindi, kuomba hifadhi wapelekwe Saint Helena, na kisiwa kikapewa zaidi ya pauni milioni 6. Mahali pa kupita, mahali pa kusikilizia anga, mahali pa kuweka watu usiotaka wawe kwako. Miaka zaidi ya 350, na bado kinachouzwa ni kule kuwa mbali. Kwa kituo cha setilaiti sina neno. Kwa lile la Chagos nilimkumbuka Sayyid Khalid.

Muhula uliopita kijana mmoja kutoka Mafia, mtu mpole anayekaa nyuma, aliinua mkono. Kwao wanaye papa potwe, nao Saint Helena wanaye papa huyohuyo, anawafikia kuanzia Januari. Kwao kuna kiwanja cha ndege na hoteli za wageni, na hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995. "Mwalimu," akasema, "ndege za watalii zinatua Kilindoni kila siku. Mama yangu mdogo alipozidiwa na uchungu bahari ilikuwa imechafuka, boti ya Nyamisati haikutoka, na nauli ya ndege hatukuwa nayo. Sasa kwetu uwanja umefaulu au umeshindwa?"

Darasa lilikaa kimya. Nikamwambia, shika chaki mwanangu, tuandikie hesabu za uwanja wa kisiwa namna unavyoona wewe. Akaja mbele. Alichora safu nne: ndege, watalii, kodi, ajira. Akazitazama, akazisukuma zote kulia kwa mshale, na upande wa kushoto kabisa, pa kwanza, akachora nyingine na kuiandika juu yake "Waliowahi". Chini yake hakuandika tarakimu. Alisema ataijaza likizo, akirudi Kilindoni, aulize nyumba kwa nyumba.